Mayu Amechoma Maua ya Yusta

Bariadi, Jumapili, mwezi wa nane

Upepo unavuma tangu asubuhi na vumbi limeingia mpaka kwenye kopo la sukari. Ndiyo Agosti yetu. Pamba imeshavunwa na kuuzwa, mashamba yamebaki na miti mikavu, na kila pikipiki inayopita inatuachia vumbi lake sisi tunaokaa pembeni ya barabara. Nimeketi sebuleni. Sebule ni kubwa leo. Sikujua kama tuna sebule kubwa hivi.

Jumapili ni siku ya picha. Wachache mnaosoma hapa mnajua, maana nimeshawachosha nayo. Nikitoka kanisani nabadilisha shati, napiga picha maua ya ndani, ndoo moja baada ya nyingine, namtumia mke wangu Yusta aliyeko Njombe. Yusta ni muuguzi mkunga. Alihamishiwa huko miaka miwili iliyopita, nami nikabaki hapa na kibanda changu cha kutengeneza friji, pamoja na maua yake.

Leo sikujua nipige picha nini.

Niseme kwanza maua hayo yalifikaje humu ndani. Yusta haendi mahali akarudi mikono mitupu. Tukialikwa harusini, wenzake wanafunga pilau ya kubeba, yeye anafunga tawi. Ameomba matawi kwa masista, ameomba ofisi za serikali, siku moja aliomba kwenye nyumba ya msiba na mimi nikatamani ardhi inimeze. Tawi likifika linakaa kwenye chupa ya maji dirishani mpaka litoe mizizi, kisha linahamia kwenye ndoo tupu ya rangi. Mwaka wa kwanza wa ndoa tulikuwa na ndoo tatu. Mwaka wa nne mgeni akija ilibidi tumwonyeshe pa kuweka miguu.

Siku anaondoka alinikabidhi kama anayekabidhi wodi zamu inapobadilika. Huyu anakunywa mara mbili kwa wiki. Huyu hataki jua la jioni. Huyu ukimhamisha ananuna, anaangusha majani. Nikawa naitikia tu. Sikusikia hata nusu, kwa sababu nilikuwa naangalia begi lake.

Matokeo yake niliua mengi. Mwezi wa kwanza nilimwagilia kila siku, asubuhi na jioni, mpaka mizizi ikaoza na nyumba ikanuka kama bwawa. Nikaja na akili mpya. Mimi ni mtoto wa wafugaji wa Lingeka, kule Meatu, na kwetu hakuna tatizo la shamba ambalo samadi haiwezi kulitatua. Nikaomba samadi kwa jamaa mwenye zizi, mbichi, bado ina moto, nikazijazia zile feni, maua yenye majani kama manyoya, mpaka shingoni. Ndani ya wiki zikaungua zote. Yusta alinitumia ujumbe wa sauti, anajitahidi asicheke: samadi lazima ilale kwanza, Shija, hata wewe ukiamka hufai kitu mpaka unywe chai.

Halafu kuna maji. Maji ya kisima chetu yana chumvi, yanaacha utando mweupe juu ya udongo na ncha za majani zinakauka. Nikajifunza kukinga maji ya mvua na kuyatunza kwenye pipa. Nikajifunza kuchomeka kidole kwenye udongo kabla ya kumwagilia. Nikajifunza kufuta vumbi jani kwa jani kwa kitambaa chenye maji, kazi ambayo kwa vumbi la hapa haina mwisho. Jirani yangu Mama Kulwa alinikuta nafuta siku moja, akaegemea mlango. Akasema wanaume wengine wa Kisukuma wanahesabu ng'ombe, huyu wa kwetu anahesabu majani. Tangu hapo ananiita Baba Majani. Mtoto hatujajaliwa, na hilo siliandiki leo, lakini jina hilo kuna siku nalicheka na kuna siku halichekeki.

Raha nazo zilikuwepo, nisiwe mchoyo. Ile mani planti iliyotambaa ukutani, ikazunguka dirisha na kuipita picha yetu ya harusi, ilikuwa ikitoa jani jipya limeviringwa kama karatasi ya sigara. Asubuhi moja unaamka, limefunguka, kijani kibichi kinachong'aa. Mara ya kwanza nilimpigia Yusta akiwa zamu. Akapokea kwa kunong'ona. Nikamwambia, limefunguka. Akasema, kweli? Basi. Simu nzima ilikuwa hiyo, na nilitembea nayo wiki nzima.

Ujumbe wake wa sauti nausikiliza mara nyingi kuliko ninavyopaswa kukiri. Maelekezo ya maua yanaisha haraka, punguza maji, geuza ndoo, kata hilo lililooza. Ninachokitafuta kiko nyuma ya sauti yake. Kuna birika linalochemka. Kuna jogoo asiyejua saa. Kuna redio ya jirani, na miezi ya masika kuna mvua ndefu juu ya bati. Kuna mlango unaolia ukifunguliwa. Nimejijengea nyumba yake kichwani kwa sauti hizo, wapi jiko, wapi kitanda, na sijui hata kama nimepatia.

Namtaka mke wangu. Nimeandika maua hapa miaka miwili na sijawahi kuandika hivyo. Nakumbuka anavyoingia kutoka zamu ya usiku, viatu mkononi asiniamshe, wakati mimi niko macho tangu saa kumi. Nakumbuka anavyokula muwa. Nakumbuka hata ugomvi wetu wa kufunga madirisha.

Kwa nini siendi? Nimeulizwa hilo sana na majibu ninayo mengi. Kazi ya friji haina likizo. Safari ni ndefu, siku mbili barabarani. Tena watu wanasema mwanaume hamfuati mke. Na nikienda, nani atamwagilia? Hili la mwisho ndilo lililokuwa linawanyamazisha, maana wote wameziona zile ndoo.

Yusta kwao ni Iringa. Njombe kwake ni jirani na nyumbani, karibu na mama yake, karibu na lugha yao. Sijawahi kumwuliza kama atarudi Bariadi. Naogopa jibu. Ni rahisi kuuliza habari za mbolea.

Sasa kuhusu Mayu.

Mayu ni mama yangu mzazi. Ametoka Lingeka wiki tatu zilizopita kuja kutolewa mtoto wa jicho hospitali hapa mjini. Jicho la kulia lilikuwa limefunga kabisa, la kushoto linaona vivuli. Akafanyiwa jicho moja, akafungwa bandeji, na siku ilipofunguliwa mama yangu akawa hatari. Aliona utando wa buibui kwenye kona ya dari. Aliona mvi kwenye ndevu zangu, akauliza zimeanza lini. Aliona doa kwenye sufuria ambalo mimi na jua letu lote hatujawahi kuliona. Alikaa uani akitazama kuku wa Mama Kulwa kama mtu aliyeletewa sinema, na moyo wangu ulifurahi mno.

Daktari alimpa masharti. Dawa ya matone mara nne kwa siku. Asiiname. Asikae kwenye moshi.

Kwa jicho hilo jipya Mayu akaviona vidung'ata. Ni vijidudu vyeupe, vina manyoya kama pamba, vinajibanza kwenye maungio ya majani na kunyonya. Vilinianza mwezi wa sita. Nilikuwa navifuta kwa pamba yenye spiriti, kimoja kimoja, kila Jumamosi, na kila Jumamosi nakuta vimezaana. Yusta alisema tuvumilie, vitaisha. Mayu alisogeza uso karibu na jani, akaguna, akaenda kukaa.

Ningejua maana ya mguno ule nisingeenda Lamadi.

Jana mfanyabiashara mmoja wa samaki wa Lamadi alinipigia, friza lake limezima na ndani kuna sato wa kupeleka mnadani. Kazi kama hiyo haisubiri. Nilitoka alfajiri, nikamwachia Mama Kulwa kazi ya kumtia Mayu matone, nikashinda huko nimeinama nyuma ya friza. Likawaka. Jamaa akanifungia sato wawili wakubwa, nikarudi jioni nimefurahi, nimekwishapanga mmoja nimchemshie Mayu na ndimu.

Moshi niliuona tangu kona ya barabara. Nikadhani ni taka za mtu.

Mayu alikuwa uani, kanga kiunoni, reki mkononi, anasukumia moto majani ya mwisho. Pembeni yake ndoo zote zimeoshwa, zimepinduliwa ukutani zikauke, safi kuliko siku tulipozinunua. Udongo ameumwaga mbali, nyuma ya choo. Ile mani planti niliiona ikiwa nusu kwenye moto, bado kijani, inatoa povu kwenye ncha zilizokatika.

Kwa wasiotoka huku niwaeleze. Pamba ikishavunwa, miti yake haiachwi shambani. Inang'olewa yote na kuchomwa, kwa sababu wadudu wanajificha humo kungoja msimu ujao, na ukiiacha yako wanakwenda kwa jirani. Mabwana shamba wamelihubiri hilo tangu sijazaliwa. Asiyechoma anatazamwa vibaya kijijini, kama mtu anayefuga fisi. Mama yangu amechoma miti ya pamba kila mwaka wa maisha yake. Tena mwezi ndiyo huu. Amefika mjini, ameona wadudu weupe wamejaa ndani ya nyumba ya mwanawe, mwanawe anawafuta kwa kitambaa. Alifanya nini kipya?

Lakini jana sikufikiri hayo. Nilipiga kelele. Sijawahi kumpigia mama yangu kelele.

"Mayu, ile si pamba!"

Alinitazama kwa lile jicho lake zima. "Mdudu hajui kama ile si pamba," akasema.

Nilimwambia ni maua ya Yusta. Akasema anajua, ndiyo maana amechagua. Yasiyo na wadudu ameyaacha, nikatazame. Akasema pia, kwa sauti ya chini na bila ubaya, kwamba mke yuko kusini huko na mimi nimekaa hapa nalea majani yake, na yeye hakuelewa tangu siku aliyofika kwa nini jambo hili halimuumi mtu.

Nikaingia ndani. Yaliyobaki ni machache, yako kwenye kona moja. Shubiri mbili, yale majani marefu magumu yanayosimama kama visu, na krotoni moja iliyokuwa mbali na nyingine. Ukutani mani planti imeacha alama ilipopita, mstari wa rangi safi kwenye ukuta wenye vumbi, ukizunguka dirisha na kuipita picha ya harusi. Nilisimama pale mpaka nikakumbuka moshi. Jicho! Nikatoka mbio, nikamshika mkono, nikamwingiza ndani, nikammulika kwa tochi ya simu. Halikuwa jekundu. Nikamtia matone. Yule sato nilimkaanga tu. Ndimu nilisahau.

Asubuhi ya leo sikumwamkia. Kwetu mtoto asiyemwamkia mama yake ama anaumwa ama ana kesi. Alikaa kitini akasubiri, mikono magotini. Nikapita kwenda kuchota maji, nikarudi nikapita tena. Mwishowe akaniamkia yeye.

"Mwangaluka, baba."

Mama yangu, ananianza salamu mimi. Nikapiga goti pale pale nikaitikia, na uso sikuweza kuuinua.

Kanisani sikusikia mahubiri. Nilirudi, nikabadilisha shati, kwa mazoea nikashika simu. Nikapiga picha ndoo zilizopinduliwa ukutani, na majivu ya moto pembeni yake. Nikaandika maelezo, nikafuta. Nikaandika mengine, nikafuta. Mwisho nikaituma ikiwa peke yake, nikakaa kwenye kochi kusubiri ujumbe wa sauti.

Zikaingia tiki mbili za bluu. Halafu simu ikaita.

Alianza kwa jicho la Mayu. Moshi haukuingia? Jekundu? Linatoa machozi? Nikajibu yote kama mgonjwa. Ndipo nikamsimulia kila kitu, Lamadi, moto, mani planti. Nilipofika kwenye maneno ya Mayu, kwamba mdudu hajui, Yusta akacheka. Akacheka mpaka akakohoa. Nikaona uchungu. Miaka miwili nafuta jani kwa jani, na mwenye maua anacheka.

Kicheko kikaisha. Nikamsikia jogoo yule.

"Sasa umebaki na nini cha kumwagilia?"

Nikamtajia yaliyobaki. Akasema hayo yanaweza kukaa mwezi mzima bila tone. Najua. Yeye ndiye aliyenifundisha.

"Shija, mlango wangu una rangi gani?"

Nilijua unavyolia. Rangi yake sikuijua.

"Jani likifunguka Bariadi unanipigia niko kazini," akasema. "Mlango wangu hujui hata rangi."

Nikaanza kusema kwamba ningekuja, ila nani angebaki. Nikaishia hapo. Nilikuwa natazama ule mstari ukutani, na hata mimi sikuweza kuimaliza sentensi.

"Nilikuachia maua ili jioni zisiwe ndefu," akasema Yusta. "Sikuyaacha yakufunge miguu."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu aliyetoka zamu, anavua viatu. Nami nikaelewa kitu ambacho kimeniuma kuliko moto wa jana: kila Jumapili alipofungua zile picha alikuwa akinitafuta mimi humo ndani, na mimi nilikuwa makini nisitokee, hata kivuli changu nilikuwa nakikwepesha kwenye jani.

Swali nililolibeba miaka miwili lilikuwa, utarudi lini. Nilifungua mdomo kuliuliza. Likatoka jingine.

"Nije?"

Birika likaanza kulia, likalia sana, hakwenda kulitoa.

"Njoo na sweta," akasema. "Huku baridi haina mchezo."

Baada ya simu nilitoka uani. Mayu alikuwa ameketi kivulini mwa ukuta, kichwa ameegemeza nyuma akisubiri matone ya saa nane. Nikamtia. Nikamwambia nataka kwenda Njombe. Niliongeza, sijui kwa nini, kwamba watu watasema namfuata mke.

Akafumba jicho dawa isitoke. Akasema baba yangu alimfuata yeye kwa baiskeli mara tatu kabla hajakubali hata kumpa maji ya kunywa. Nikamwuliza kama watu hawakumcheka. Akasema labda walicheka, lakini alikuwa anakanyaga, hakusikia.

Tumepanga hivi. Jumanne nampeleka kliniki jicho likaangaliwe. Kuanzia Jumatano Mama Kulwa atalala hapa na kumtia matone. Ameshakubali, na ameshacheka vya kutosha. Kibanda nitakifunga. Friji za Bariadi zitavumilia. Nimemwomba Mayu atakaponimwagilia haya yaliyobaki, akiona kidudu asiwashe moto, anipigie kwanza. Ameniambia kumwagilia atamwagilia, ila hilo la moto hawezi kuniahidi.

Naogopa, niseme ukweli. Naogopa kuliko siku ya kwenda kutoa mahari kwao. Inawezekana nikafika nikakuta mke wangu amezoea kuishi bila mimi, ana utaratibu wake, ana kiti chake kimoja. Inawezekana akanitazama akanionea huruma. Na inawezekana pia tukakaa mezani tukakosa la kusema, maana tumesahau kuzungumza jambo lisilo na mizizi.

Kesho, kabla sijafungua kibanda kwa wateja wa mwisho, napita sokoni kwenye mitumba. Yusta hakusema nije kwa siku ngapi, nami sikuuliza.

Nitanunua sweta mbili.